Nani Aliyeziba Dirisha Hili? Barua zenu kuhusu kuvinjari miji

Toleo lililopita tulichapisha picha za kinu kilichofungwa, na tangu hapo barua hazijakatika. Waandishi wake ni wa kila aina: wenye hamu, wenye hofu, wabishi, na mmoja aliyewahi kufanya kazi ndani ya jengo la namna hiyo. Nilikuwa mkaguzi wa majengo mpaka nilipostaafu, na hadi leo kuzunguka mahame na pembe zilizosahauliwa za mji ndiyo starehe yangu. Nimechagua hizi nizijibu. Penye hatari nimesema wazi, kwa sababu najua sakafu ya jengo lililoachwa inavyokuwa.

Shikamoo Mzee. Rafiki zangu wanapenda kuingia majengo yaliyohamwa. Mimi giza linanibana kifua, na kuruka ukuta wa watu siwezi. Lakini nikipita penye nyumba yenye dirisha lililozibwa kwa matofali, lazima nisimame. Wenzangu wanasema mimi si mvinjari. Ni kweli?
*Mwoga wa Giza*

Marahaba, mwanangu. Si kweli hata kidogo. Anayesimama mbele ya dirisha lililozibwa akajiuliza lilizibwa lini, na nani, na kwa nini, huyo yuko kazini tayari.

Mwaka 1972 msanii wa Kijapani, Genpei Akasegawa, alikuwa akitembea Tokyo akaona ngazi fupi iliyobandikwa ukutani. Inapanda upande huu, inashuka upande ule, na kule juu hakuna mlango. Kilichomshika zaidi ni mkono wa ngazi: kipande chake kilikuwa kimevunjika, na mtu alikuwa amekitengeneza. Yaani kuna aliyejishughulisha kutunza ngazi isiyompeleka mtu popote. Baadaye Akasegawa alianza kukusanya vitu vya aina hiyo, akaviita Thomasson, kwa jina la Gary Thomasson, mchezaji besiboli wa Marekani aliyesajiliwa kwa fedha nyingi na timu ya Yomiuri Giants kisha akawa anaukosa mpira: anatunzwa, lakini hana kazi, kama ile ngazi. Wasomaji wa makala zake wakaanza kumletea picha za milango iliyo ghorofani isiyo na ngazi, vibaraza visivyofikika, nguzo zisizobeba kitu. Wote hao hawakuingia gizani. Walikuwa njiani, mchana kweupe.

Na kuna wanaovinjari kwa miguu tu. William Helmreich, mwanasosholojia, alitembea karibu kila mtaa wa New York kwa muda wa miaka minne, takriban kilomita 9,700, akizungumza na watu aliowakuta. Huyo hakuhitaji hata tochi.

Wewe anza na ukuta. Tazama ukuta wa jengo lililobaki baada ya jirani yake kubomolewa: utaona mstari wa mshazari pale paa la jirani lilipoegemea, na chini yake safu ya mashimo ya mraba, yote usawa mmoja. Mashimo hayo ndimo vichwa vya boriti vilimoingia, kwa hiyo hapo ndipo palipokuwa na sakafu. Hesabu safu, utajua nyumba iliyokufa ilikuwa na ghorofa ngapi. Ukiona bamba la chuma lenye umbo la X au S limebanwa nje ya ukuta wa matofali, jua kuna fimbo ya chuma imepita ndani hadi upande wa pili, kuushika ukuta usitutumke. Jengo lile liliwahi kuugua, na mtu akalitibu. Ukikuta matofali ya rangi nyingine katikati ya ukuta, tafuta kizingiti juu yake. Kikiwepo, hapo palikuwa na mlango au dirisha. Mziba dirisha huwa hahangaiki kutoa kizingiti, maana bado kinabeba ukuta wa juu.

Waambie rafiki zako wakutafute wakitoka ndani. Utawaeleza walichopita bila kukiona.

Mzee, swali langu ni la ubishi. Ukipewa ruhusa, ukavishwa kofia ngumu, ukaongozwa na mwenye funguo, si umeshakuwa mtalii? Raha yenyewe si kule kuiba njia?
*Mruka Ukuta*

Raha ya kuiba njia ipo, sikatai. Jeff Chapman wa Toronto, aliyejulikana kwa jina la Ninjalicious, alianzisha mwaka 1996 kijarida kidogo kuhusu kwenda mahali ambapo mtu hatarajiwi kwenda. Aliandika hivyo hadi alipofariki mwaka 2005, na wavinjari wengi wa leo wamenywea kisima chake. Lakini hata yeye alishikilia kwamba hupaswi kuvunja wala kuiba kitu.

Tena kuna kisa cha Paris ninachokipenda kupita kiasi. Kati ya 2005 na 2006 kundi linaloitwa Untergunther lilijichimbia kwa siri ndani ya Panthéon, jumba kuu la kale wanamozikwa watu mashuhuri wa Ufaransa, likafungua karakana yake humo humo juu, na pamoja na fundi saa wa kweli likatengeneza saa kuu ya jengo iliyokuwa imekufa kwa miongo kadhaa. Walipomaliza wakaenda kuwaambia wasimamizi. Mambo yakafika mahakamani, na mwaka 2007 wakaachiwa. Kisa kizuri, lakini kitazame vizuri: raha ya watu hao haikuishia kwenye kuingia. Walikuwa na kazi ya kufanya.

Sasa nikwambie ninachokipata kwenye ruhusa. Ukiwa umejificha, nusu ya masikio yako yako kwa mlinzi. Unapita haraka, unapiga picha haraka, chumba kilichofungwa kinabaki kimefungwa. Mwenye funguo anakufungulia chumba cha mitambo, anawasha taa, anakuonyesha alama ya maji ya gharika ukutani. Na mara nyingi ni mtu mpweke aliyekaa na jengo hilo miaka, hajapata wa kumsimulia.

Milango ya halali ni mingi kuliko unavyodhani. Kituo cha treni cha City Hall kule New York, kilichofunguliwa 1904 na kufungwa mwisho wa 1945, kina matao ya vigae ambayo ukiyaona hutayasahau. Treni za namba 6 hugeuzia humo baada ya kituo chao cha mwisho, na abiria anayebaki ndani hukiona dirishani. London, jumba la makumbusho ya usafiri hupeleka wageni kwenye vituo vilivyofungwa: Aldwych, kilichofungwa 1994, na Down Street, kilichofungwa 1932, ambamo Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alijikinga na mabomu mwaka 1940. Berlin kuna chama kilichoanzishwa 1997 kinachowatembeza watu katika mahandaki ya vita. London hiyo hiyo, tangu 1992, kila mwaka kuna siku ambazo majengo yasiyoingilika hufungua milango kwa yeyote, na miji mingi duniani imeiga.

Ukiomba ruhusa, usiandike "ningependa kutembelea". Andika wewe ni nani, unataka vyumba gani, utakaa muda gani, na kwamba utasaini fomu ya kujibebea dhamana na kuwapa nakala za picha. Wakati mzuri kuliko wote ni jengo linapokaribia kubomolewa au kukarabatiwa. Mkandarasi mara nyingi hufurahi kuona kuna mtu analijali.

Sheria nayo haifanani. Kwa Uingereza, kuingia jengo la mtu bila ruhusa mara nyingi ni kesi ya madai tu, lakini kwenye reli ni kosa la jinai. Kwa Marekani mara nyingi ni jinai moja kwa moja. Chini ya Paris kuna njia za machimbo ya mawe zinazokaribia kilomita 300, na wageni huruhusiwa sehemu ndogo tu, kama kilomita moja na nusu. Kwingine kumepigwa marufuku tangu 1955. Jua sheria ya ulipo kabla hujagusa uzio.

Mzee, habari za siku. Sisi ni vijana watatu. Tumeona mdomo wa mfereji mkubwa wa maji ya mvua, mtu anaingia wima. Ni kiangazi, ndani kukavu. Tunaomba ushauri wa viatu na tochi.
*Watatu*

Wanangu, ushauri wangu ni msiingie. Na sitaki kuwaacha na neno hilo tupu, kwa hiyo nawaeleza kinachoendelea ndani.

Mwaka 1986 vijana watatu wa Melbourne, Australia, walianzisha Cave Clan, kundi ambalo limeingia mifereji mingi kuliko pengine kundi lolote. Hao hao, walioipenda mifereji kuliko kitu chochote, wana sharti moja juu ya masharti yote: penye mvua, hakuna mfereji. Na mvua yenyewe si lazima iwe juu ya kichwa chako. Mfereji mkubwa unapokea maji ya eneo zima, na mawingu yanaweza kumwaga kilomita kadhaa mbali nawe, wewe uko chini hujui kitu. Zege ni laini na limeteremka, hivyo maji huja kwa kasi. Maji ya magotini yanayokwenda kasi yanamwangusha mtu mzima, na akishaanguka hakuna pa kushika. Mfuniko wa barabarani mnaoutegemea kuwa mlango wa dharura ni mzito, na huenda gari limeegeshwa juu yake.

Kisha kuna hewa. Mahali ambapo takataka zinaoza hutoka gesi yenye harufu ya yai viza. Kinachotisha ni kwamba ikizidi, pua hufa ganzi, na mtu akadhani imetoweka. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini na mabondeni. Wengi waliokufa hivyo duniani walifuatana: wa kwanza kaanguka, wa pili kaingia kumwokoa.

Fuateni mfereji kutoka juu. Chini ya miji mingi kuna mito iliyofunikwa, na mnaweza kuisaka kwa ramani za zamani, mteremko wa barabara na mpangilio wa mifuniko. London ina mto Fleet uliozikwa. Mtaa wa Ray, eneo la Clerkenwell, kuna kichungi cha chuma barabarani; ukiinama unausikia mto ukipita chini. Mkitaka kuingia kweli, Paris imekuwa ikiwatembeza watu kwenye mifereji yake ya maji machafu tangu Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1867. Miji mingine pia hufungua yake, ulizeni idara inayohusika.

Ndugu mwandishi wa safu, mimi ni mama. Kijana wangu ana miaka 17. Nimekuta kwenye simu yake video akiwa amekaa ukingoni mwa paa la ghorofa refu, miguu inaning'inia. Nikimwambia ananijibu kwamba ni burudani kama nyingine. Nisemeje?
*Mama Asiyelala*

Mama, pole sana. Hapa sina upande wa pili wa kuupa heshima.

Nimekagua mapaa mengi. Ukuta mfupi wa ukingoni ndio sehemu ya jengo inayosahauliwa kuliko zote. Hupigwa na jua na mvua pande tatu, saruji ya kiungo cha juu inalika, na tofali la mwisho linabaki limekaa kwa uzito wake tu. Ukilitazama liko sawasawa. Ukiliegemea linasogea. Nimewahi kulinyanyua tofali la namna hiyo kwa mkono mmoja, nalo lilikuwa ukingoni mwa jengo lenye watu.

Mwezi Novemba 2017, Wu Yongning, kijana wa Kichina wa miaka 26 aliyekuwa na watazamaji wengi mno, alianguka kutoka jengo la ghorofa 62 mjini Changsha akijirekodi. Hakuwa mgeni wa kazi hiyo wala dhaifu wa mwili. Alikuwa amening'inia, mikono ikachoka, akashindwa kujivuta. Baadaye mahakama ya Beijing iliamua kwamba jukwaa lililorusha video zake nalo lilikuwa na sehemu ya lawama.

Kwa kijana wako usianze na matusi, kwa sababu atahamia kwenye mapaa usiyoyajua. Muulize: ungepanda hata kama simu ingebaki nyumbani? Akijibu ndiyo, basi anapenda urefu, na urefu una njia zake. Kuna kumbi za kupanda kuta kwa kamba, kuna kazi za mafundi wanaoning'inia kukagua madaraja na minara, na hao hulipwa. Mwambie aniandikie, nitamwelekeza pa kuanzia. Akisita kujibu, basi anachopenda ni watazamaji, na hapo mna mazungumzo mengine ya kufanya, wewe na baba yake au yeyote anayemsikiliza. Usiyaahirishe hata siku moja.

Je, barakoa ya hospitali inatosha kwenye jengo kuukuu lenye vumbi?
*Kifua*

Haitoshi. Majengo mengi ya karne iliyopita yana asbestosi, madini ya nyuzi yaliyotumika kukinga moto na joto: kwenye mabati ya paa yasiyo ya chuma, kwenye vigae vya sakafu, na hasa kwenye mabomba ya mvuke yaliyoviringishwa kama mguu wenye bandeji. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, na ugonjwa wake unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Kinyesi cha popo na njiwa kikikauka huweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Tumia barakoa ya kazi ya kuchuja vumbi, yenye alama ya FFP3 au P100, ikae kavu na ikubane usoni. Ndevu huifanya ipitishe vumbi. Ukiona bandeji hiyo ya bomba imechanika na kumwagika, toka nje, barakoa au bila barakoa.

Kwa kuwa nimefika hapo, sakafu nayo. Utaambiwa utembee kando ya ukuta kwa sababu boriti ina nguvu karibu na egemeo lake. Kwa jengo kavu ni kweli. Lakini jengo linalovuja, kichwa cha boriti kilichozamishwa kwenye ukuta wenye unyevu ndicho huoza kwanza. Kwa hiyo sakafu ya mbao itazame kwanza kutoka chini, na kama huwezi, usiikanyage. Zege nalo litazame kutoka chini: michirizi ya kutu, vipande vilivyobanduka, nondo zilizo uchi. Nondo ikipata kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Na usiende peke yako. Aliyebaki nyumbani awe anajua uko wapi na utarudi saa ngapi.

Mzee shikamoo. Napiga picha za magofu. Nikiwa pale naona maajabu, nikifika nyumbani picha zote zimekufa. Nimenunua tochi kubwa zaidi, hali ni ile ile.
*Lenzi*

Marahaba. Tochi ndiyo inayokuharibia, kwa sababu unaiwasha kutoka pale kamera ilipo. Mwanga ukitoka usoni mwa kamera hufuta vivuli, na bila vivuli rangi iliyobanduka huonekana kama uchafu tu. Zima tochi. Weka kamera kwenye stendi, usikivu wa mwanga (ISO) uwe chini, 100 au 200, acha shata wazi kwa sekunde kadhaa, na tumia kihesabu muda usiiguse. Dirisha la pembeni litafanya kazi yote. Kama hakuna dirisha, mpe mwenzako tochi asimame ubavuni, ailaze karibu na ukuta, aisogeze polepole wakati shata ikiwa wazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860, mpiga picha Nadar wa Paris aliteremsha kamera na taa za umeme wa betri hadi kwenye mapango ya mifupa chini ya mji huo. Picha moja iliweza kuchukua hadi dakika 18. Hakuna mtu anayeweza kutulia kiasi hicho, kwa hiyo mahali pa wafanyakazi akaweka sanamu zilizovishwa nguo. Tazama picha hizo uone subira inavyoonekana.

Jambo la pili ni kile unachokipiga. Ninavyohisi, unapiga chumba kizima kila mara. Kaa chini kwanza bila kamera. Kwenye korido ya hospitali iliyofungwa niliwahi kuona mkwaruzo mrefu ukutani, usawa wa nyonga, umechimba rangi hadi plasta. Mwanzo nilidhani ni mabomba yaliyong'olewa. Kumbe ni vitanda vya magurudumu: miaka na miaka, vikisukumwa na watu wenye haraka, vikigusa ukuta pale pale kwenye kona. Tabaka za rangi zilionekana moja chini ya nyingine, kijani, krimu, buluu, kila moja ni safari ya fundi rangi aliyelifanya jengo lionekane jipya, na kila moja imekwaruzwa tena. Ile ndiyo picha. Chumba chenye vitanda vilivyopinduka kipo kwenye kila albamu.

Na usipange vitu. Pripyat, mji wa Ukraine wenye watu wapatao 49,000 waliohamishwa tarehe 27 Aprili 1986 baada ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl, umejaa wanasesere na barakoa za gesi zilizowekwa na wageni ili picha zipendeze. Kwa hiyo anayekwenda kujua watu wale waliondokaje anadanganywa na mpiga picha aliyemtangulia. Hilo linaniudhi kwa dhati. Mahali pakiwa hapalindwi, usitaje pia palipo unapochapisha. Wanaovunja vioo na wachuma shaba wanasoma kama tunavyosoma sisi.

Niliokota kitasa cha shaba chenye namba ya chumba, kilikuwa sakafuni kwenye hoteli iliyoachwa. Hakuna aliyekuwa akikitaka. Nimekosea?
*Kitasa*

Ndiyo, ila linarekebishika. Stesheni ya Michigan Central ya Detroit ilifunguliwa 1913, treni ya mwisho ikaondoka 1988, na kwa miaka mingi iliyofuata watu walibeba kila kilichong'oka. Kampuni ya Ford iliinunua 2018 ili kuifufua. Muda si mrefu mtu asiyejitaja akapiga simu kwenye jumba la makumbusho: alikuwa na saa ya stesheni, aliichukua zaidi ya miaka 20 nyuma, na sasa anataka irudi kwao. Wakaikuta imeegemezwa kwenye jengo lililoungua. Wengine nao wakarudisha vitu. Stesheni ilifunguliwa upya mwezi Juni 2024.

Nani angeamini, miaka ya 1990, kwamba ile gofu itapata mwenyewe? Kitasa chako kirudishe kwa mmiliki. Kama jengo limeshabomolewa, kipeleke makumbusho au maktaba pamoja na karatasi: jengo gani, ghorofa ya ngapi, mlango upi, lini. Bila karatasi hiyo ni shaba tu.

Mzee mwenzangu, magoti yamegoma na ngazi sipandi tena. Wajukuu wananionyesha picha zao. Je, kuna namna ya kuvinjari nikiwa kitini?
*Bibi wa Magoti*

Ipo, Bibi, na pengine ndiyo kongwe kuliko zote. Chini ya barabara ya Atlantic, Brooklyn, kulijengwa mwaka 1844 handaki la reli, likazibwa 1861, na vizazi vikasahau. Bob Diamond, kijana wa miaka 20, alisikia habari zake redioni. Alipouliza akaambiwa ni hadithi, au limeshajazwa udongo. Akapekua magazeti na nyaraka hadi akapata ramani yenye mfuniko mmoja wa barabarani. Mwaka 1980 akaingia hapo, akatambaa kwenye udongo, akatoboa ukuta, na handaki likawa mbele yake. Aliwatembeza watu humo kutoka 1982 hadi 2010. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika mezani.

Maktaba ya Taifa ya Scotland ina tovuti inayokuwezesha kuweka ramani ya zamani juu ya picha ya setilaiti ya leo na kuififisha kidogo kidogo. Ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya miji ya Marekani tangu 1867, zinaonyesha kila jengo: waridi ni matofali, manjano ni mbao. Wajukuu wakikuonyesha gofu, watafutie ramani yake. Nakuhakikishia watarudi kwako kabla ya safari inayofuata.

Mhariri, mimi nilifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nguo ambacho sasa ni gofu. Kila Jumamosi vijana wenye kamera wanapita kwangu kuuliza njia. Sijui kama nifurahi au nihuzunike. Niwaambie nini?
*Mfumaji*

Mzee mwenzangu, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Kisiwa cha Hashima, Japani, kilikuwa cha mgodi wa makaa ya mawe. Mwaka 1959 kilibeba watu 5,259 kwenye eneo la hekta zipatazo sita. Mgodi ulifungwa 1974, watu wakaondoka ndani ya miezi michache, na wageni hawakuruhusiwa kutia mguu hadi 2009. Doutoku Sakamoto, aliyeishi huko utotoni, aliamua kuwapeleka wageni mwenyewe na kuwaonyesha walipoishi. Lakini kisiwa hicho hicho kilitumikisha kwa nguvu Wakorea na Wachina wakati wa vita, na mwaka 2021 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilisikitika kwamba habari zao hazijaelezwa ipasavyo. Kwa hiyo nani anasimulia ni jambo zito. Asiposimulia aliyekuwepo, gofu husimuliwa na aliyepita.

Furahi au huzunika, vyote ni haki yako, lakini usiwaonyeshe njia ukanyamaza. Waambie wakae. Wachoree ramani ya ghorofa kwa mkono wako: mashine zilikaa wapi, mlango wa zamu, mahali pa kunawa. Pale sakafuni watakuta boliti nne nne zimekatwa, nao hawajui ni za nini. Wewe unajua ni mashine ipi iliyosimama juu yake na nani aliiendesha. Waeleze kelele yake, mliongea vipi ndani yake, nani alipoteza kidole na kama alilipwa. Waambie pia aliyefunga kiwanda alisema nini siku ya mwisho. Wawashe kinasa sauti, waandike tarehe na jina lako kama utapenda, na nakala moja wapeleke maktaba.

Nami naomba nakala ya mchoro huo kupitia ofisi ya jarida. Weka na uzito wa mashine za ghorofa ya juu kama unaukumbuka, na useme sakafu ilikuwa ya mbao au ya zege. Kabla vijana hao hawajapanda tena Jumamosi ijayo, ningependa kujua wanakanyaga nini.